Nguzo ya kupigwa, nguzo ya kuchimbiwa, kasha la uzito au ndoo ya kufyonza: msingi gani wa baharini unakufaa Mombasa?

Mtu akitaka kujenga gati, mnara wa taa za kuongozea meli au hata nguzo za kufungia boti hapa Mombasa, jambo la kwanza analomuuliza mkandarasi huwa ni bei ya chuma. Si swali baya, ila limekuja mapema mno. Kutoka Ras Serani hadi hori la Port Reitz ni kilomita chache tu, lakini sakafu ya bahari ya huku na ya kule ni nchi mbili tofauti. Msingi uliosimama imara upande mmoja unaweza kukuaibisha upande wa pili, na bei ya chuma haina la kusema juu ya hilo.

Makala haya yanalinganisha misingi minne ambayo watafiti wa udongo wa baharini wameichunguza kuliko mingine. Nimeyaandika kwa anayekwama katikati: mhandisi kijana aliyepewa mradi wake wa kwanza wa majini, mwenye hoteli aliyeletewa makadirio matatu yasiyofanana hata kidogo, na mwanafunzi anayetafuta mada ya kuitolea jasho.

Vipimo vya kulinganishia

Kila msingi nitaupima kwa mambo matano: ardhi inayoukubali, mzigo unaoumudu, vyombo unavyodai, athari zake kwa mazingira, na urahisi wa kuuondoa siku kazi ikiisha. La kwanza nitalikalia zaidi, kwa sababu ndilo linaloamua mengine yote.

Ardhi. Upande wa bahari kuu, kisiwa cha Mombasa kimekalia mwamba wa matumbawe, mabaki ya miamba iliyokuwa hai zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Ni jiwe lile lile lililojenga Fort Jesus kuanzia 1593, na ndilo lililochimbwa Bamburi kwa ajili ya saruji tangu miaka ya 1950. Ni jiwe linalobeba, lakini lina matundu na mapango, na mengine huwezi kuyajua mpaka uyatumbukie. Ukirudi ndani, Changamwe na Miritini, mwamba ni mfinyanzi ulioshindiliwa ukawa jiwe la tabaka tabaka, mzee mno kuliko matumbawe.

Katikati yamepita mabonde. Miaka kama 20,000 iliyopita, barafu ilipofunika sehemu kubwa ya kaskazini ya dunia, bahari ilishuka takriban mita 120, mito ikakata mabonde marefu kuifuata. Maji yaliporudi yaliyafurika mabonde hayo, nayo ndiyo leo tunayaita Kilindini, Tudor na Port Reitz. Tangu hapo mito imekuwa ikishusha tope humo. Kwa hiyo ukichimba mashimo mawili ya uchunguzi kwenye ukingo wa hori, moja linaweza kugonga jiwe mapema na jirani yake likaendelea kushuka kwenye tope mpaka mabomba yaishe.

Halafu kuna mchanga mweupe ulio nyuma ya miamba ya matumbawe, nao unastahili tahadhari ya peke yake. Punje zake ni vipande vya matumbawe, makome na magamba ya viumbe wadogo, na nyingi zina uwazi ndani. Weka kijiko chake kwenye kisahani umwagie siki, utaona unatoa povu. Mchanga wa mto uliotoka kwenye mawe ya bara hautoi. Ukiusugua huu mweupe kiganjani unakwaruza sana, na maabara inasema hivyo hivyo: pembe yake ya msuguano ni kubwa, mara nyingi kushinda ya mchanga wa kawaida. Kwa karatasi, basi, ni mchanga mzuri. Hapo ndipo mabingwa walipotegwa, na kisa chake kinakuja.

Namna ya kuyajua haya yote ni kuchimba. Kipimo kinachopatikana kwa urahisi zaidi kwetu ni kile cha nyundo ya kilo 63.5 inayoangushwa kutoka sentimita 76, fundi akihesabu mapigo yanayohitajika kuzamisha bomba la sampuli sentimita 30. Kwenye tope la hori anaweza asihesabu chochote: fimbo zinashuka kwa uzito wake zenyewe. Kwenye matumbawe magumu, mapigo 50 yanakwisha bomba halijasogea upana wa kidole. Na kwa kuwa tishari linaelea, sitaha anayopimia inapanda na kushuka zaidi ya mita 3 siku za bamvua. Fundi asiyeandika saa na kimo cha maji kando ya kila kipimo ataleta ripoti inayoonyesha tabaka la matumbawe limepinda, kumbe kilichopinda ni daftari. Ukiletewa ripoti ya uchunguzi wa majini, tafuta kwanza safu ya kimo cha maji. Isipokuwepo, rudisha ripoti.

Kuna pia kipimo cha koni, ncha ya chuma yenye eneo la sentimita 10 za mraba inayosukumwa ardhini kwa mwendo wa sentimita 2 kwa sekunde huku ikipima ukinzani njia nzima. Kwa tope na mchanga hakina mfano. Kwenye jiwe kinagota.

Mzigo. Nchi kavu msingi kazi yake kubwa ni kubeba uzito ulio juu yake. Baharini kuna wimbi, mkondo, upepo, na meli inayokuja kuegemea gati, yote yakisukuma pembeni na mengine yakivuta juu. Tena yanarudiarudia. Wimbi likija kila sekunde 8, ndani ya siku moja nguzo imesukumwa mara 10,800, na msimu wa kusi una siku nyingi.

Vyombo ni tishari, kreni, nyundo, pampu, wazamiaji na mafundi: vilivyopo bandarini na vya kukodi mbali. Mazingira ni kelele, tope linalotibuliwa na eneo la matumbawe linalofunikwa. Kumbuka hifadhi ya bahari ya Mombasa ipo tangu 1986, na tathmini ya athari kwa mazingira ni sharti la sheria. Kuondoka nadhani linajieleza.

Nguzo ya kupigwa

Hii ni bomba la chuma, mara nyingi lililo wazi chini, linalopigwa kwa nyundo mpaka lifike kina kilichokusudiwa. Ndiyo iliyobeba majukwaa ya mafuta ya Ghuba ya Mexico tangu miaka ya 1940, na ndugu yake mnene, nguzo moja kubwa chini ya mnara mmoja, ndiye anayebeba mitambo mingi ya upepo ya baharini kule Ulaya.

Ardhi. Inapenda tope refu, mfinyanzi na mchanga wa kawaida. Kwenye tope ina tabia inayowatisha wageni: siku ya kupigwa inaonekana dhaifu. Nyundo imepandisha shinikizo la maji yaliyo kati ya punje, na punje zenyewe hazishikani sawasawa. Shinikizo likishuka, wiki hata miezi baadaye, ardhi inalikaba bomba kwa nguvu zaidi. Anayepima nguzo asubuhi ya pili na kuagiza ndefu zaidi huenda anazika pesa bure.

Kwenye mchanga wa matumbawe hadithi inageuka. Mwaka 1982, kaskazini-magharibi mwa Australia, jukwaa la gesi la North Rankin A lilikuwa likisimikwa juu ya mchanga wa aina hiyo. Nguzo zilizotarajiwa kupigwa kwa bidii zilizama zenyewe makumi ya mita, bila nyundo. Uchunguzi ukaeleza sababu: bomba linapopita linavunja gundi ya chokaa inayoshikanisha punje na kuzisaga punje zenyewe. Zikisagika zinapungua ujazo, mchanga unaachana na ubavu wa nguzo, na ule msuguano mkubwa wa maabara unakosa cha kukaba. Ukarabati wake ukawa mradi mkubwa wa peke yake. Kisa hicho kiliwasukuma watafiti wa Australia kuingia kwenye udongo huu kwa undani, na mwaka 1997 Chuo Kikuu cha Western Australia kikapata kituo maalumu cha misingi ya baharini.

Upande wa pili wa hatari ni jiwe gumu. Jukwaa jingine la eneo hilo, Goodwyn A, mwanzoni mwa miaka ya 1990 nguzo zake zilipondeka midomo zilipokuwa zikipigwa, na kadiri zilivyoshuka ndivyo zilivyozidi kujikunja. Anayetaka kupiga mabomba kwenye matumbawe yetu aanze na unene wa chuma cha ncha, kisha ajiulize tena kama ni lazima apige.

Mzigo. Kwa kusukumwa pembeni ni hodari. Utafiti wa PISA, uliofanywa muongo uliopita Cowden nchini Uingereza kwenye mfinyanzi na Dunkirk nchini Ufaransa kwenye mchanga, ulionyesha kwamba kanuni za zamani, zilizotokana na nguzo nyembamba ndefu za majukwaa ya mafuta, haziwakilishi vizuri nguzo fupi nene. Nguzo nene inapata msaada hata kutoka kitako chake. Ukiona mshauri anatumia kanuni za zamani kwa nguzo ya mita kadhaa za kipenyo, una haki ya kumuuliza kwa nini.

Vyombo. Tishari, kreni na nyundo, na mafundi wapo. Kazi ni ya haraka kuliko zote nne.

Mazingira. Kelele. Ujerumani imeweka kikomo cha desibeli 160 umbali wa mita 750 kutoka nguzo inapopigwa, na wakandarasi wa huko huzungushia eneo pazia la mapovu ya hewa. Hata pale ambapo sheria haikulazimishi pazia, pomboo na wavuvi wa Mtongwe wana masikio.

Kuondoka. Hukatwa chini ya sakafu ya bahari na kipande cha chini kikabaki. Kuivuta yote ni kazi.

Inamfaa aliye kwenye tope refu au mchanga wa mto, mwenye ripoti ya ardhi mkononi na haraka ya kumaliza.

Nguzo ya kuchimbiwa

Hapa bomba la nje hupitishwa kwenye tope mpaka likalie mwamba, kisha mtambo wa kutoboa hushuka ndani yake na kuchimba tundu kwenye jiwe lenyewe. Kizimba cha nondo kinateremshwa, na zege linamwagwa kwa bomba linaloanzia kitako cha shimo, likipanda na kuyasukuma maji juu.

Ardhi. Hii ndiyo inayoelewana na matumbawe. Haivunji gundi ya jiwe kama nyundo, na zege likijaza makwaruzo ya tundu linashikana na jiwe barabara. Baada ya masaibu ya Australia, kuchimba na kujaza ndiko kulikokuwa njia ya kawaida kwenye ardhi ya namna hiyo.

Adui yake ni pango. Fanya hesabu hii ndogo, maana inaokoa kazi nzima: tundu la kipenyo cha mita 1 hula takriban mita 0.79 za ujazo wa zege kwa kila mita ya kina. Msimamizi anayeshusha kamba yenye uzito baada ya kila gari la zege anajua kimo kinapaswa kuwa wapi. Umemwaga mita 8 za ujazo na kimo kimepanda mita 4 badala ya 10? Zege lako liko pangoni. Hapo kazi inasimama, pango linajazwa au bomba la ndani linateremshwa. Asiyepima ataambiwa na daftari la saruji mwisho wa mwezi.

Adui wa pili ni uchafu wa kitako. Vumbi na vipande vya jiwe visiposafishwa, nguzo inakalia godoro. Ukisaini hati ya malipo, omba kuona jinsi kitako kilivyosafishwa kabla zege halijashuka.

Mzigo. Uzito wa wima inabeba vizuri mno, na kuvutwa juu vilevile, kwa kuwa imeshikana na jiwe. Kusukumwa pembeni kunategemea urefu ulioingia mwambani na wingi wa nondo.

Vyombo. Mtambo wa kutoboa unahitaji jukwaa lisilochezacheza, kwa hiyo mara nyingi hujengwa daraja la muda au hutumika tishari lenye miguu inayosimama chini. Hapa ndipo makadirio yanapopanda, na ndiyo maana mwenye hoteli anaona bei mara mbili na kudhani anaibiwa. Si lazima awe anaibiwa.

Mazingira. Kelele kidogo, tope na vumbi la chokaa jingi. Maji ya kutobolea yakiachwa yamwagike ovyo yanafunika matumbawe yaliyo hai jirani.

Kuondoka. Sahau. Utakata sehemu ya juu tu.

Inamfaa aliye juu ya mwamba au mwenye mwamba chini ya tope la wastani, anayejenga kitu cha kukaa miongo mingi, na mwenye msimamizi asiyesinzia.

Kasha la uzito

Wazo lake ni la kale kuliko mengine: kitu kizito kikikaa vizuri hakisogei. Kasha la zege hutupwa nchi kavu au gudini, huelea na kuvutwa wakati maji yamejaa, kisha hujazwa maji na mchanga likatulia mahali pake.

Ardhi. Linataka sakafu ngumu na iliyosawazishwa. Mwamba bapa wa matumbawe unafaa, mchanga ulioshikamana unafaa, tope halifai mpaka liondolewe na kokoto ziwekwe badala yake. Na kwenye tope kuondoa huko kunaweza kukugharimu kuliko kasha lenyewe. Jukwaa la Troll A la Norwei, lililosimikwa 1995 kwenye kina cha mita 303, lilikaa juu ya mfinyanzi laini kwa sababu tu lilipewa sketi za zege zilizozama mita 36 ardhini. Hilo si kasha la kawaida tena. Ni jirani wa ndoo tutakayoiona.

Wapo waliopata somo kutoka chini zaidi ya msingi. Tangi la Ekofisk, kasha kubwa la zege la kuhifadhia mafuta, liliwekwa Bahari ya Kaskazini mwaka 1973, na miaka ya 1980 ikagundulika kwamba sakafu yenyewe inashuka, kwa kuwa mwamba wa chaki uliokuwa na mafuta ulikuwa ukibonyea kadiri mafuta yalivyotolewa. Msingi haukuwa na kosa.

Mzigo. Zege majini linapoteza zaidi ya asilimia 40 ya uzito wake, kwa hiyo kasha linaloonekana jitu gudini si jitu chini. Linahimili uzito wa juu bila shida. Hofu yake ni kuteleza na kupinduliwa. Maji yanayozunguka kitako huchimba mchanga, na bila mawe ya kulinda litainama taratibu.

Vyombo. Gudi au uwanja wa kutupia, tagi za kuvuta, wazamiaji wa kusawazisha. Nyundo na mtambo wa kutoboa havihitajiki. Shamba la kwanza la mitambo ya upepo baharini, Vindeby ya Denmark mwaka 1991, lilisimama kwa njia hii kwenye maji ya kina kifupi.

Mazingira. Kelele karibu hakuna. Lakini eneo linalofunikwa ni kubwa, na kama ni matumbawe hai, hilo peke yake linaweza kuzima ombi lako la kibali.

Kuondoka. Kwa nadharia unatoa mchanga, unaliinua, unaenda nalo. Vindeby ilivunjwa 2017 na misingi ikaondolewa, ingawa kwa kuvunjwavunjwa.

Inamfaa aliye kwenye maji tulivu ya kina kifupi, juu ya sakafu ngumu isiyo na matumbawe hai, na mwenye mahali pa kutupia zege karibu.

Ndoo ya kufyonza

Hii ndiyo inayowashangaza wengi. Ni silinda ya chuma iliyofungwa juu na wazi chini. Inateremshwa, inazama kidogo kwa uzito wake, kisha pampu inayavuta maji yaliyobaki ndani. Shinikizo la nje likizidi la ndani, bahari yenyewe inaikandamiza ndoo iingie ardhini. Nguvu yake si ndogo: ndoo ya kipenyo cha mita 5 yenye tofauti ya shinikizo ya kilopaskali 100 inasukumwa kwa karibu tani 200, na nyundo haikugusa kitu.

Jukwaa la Draupner E la Norwei, lililosimikwa 1994, lilikuwa la kwanza la aina yake kukalia ndoo hizi. Siku ya mwaka mpya wa 1995 vipimo vyake vilinasa wimbi la mita 25.6, wimbi maarufu kuliko yote katika sayansi ya bahari, na ndoo zikabaki mahali pake.

Ardhi. Tope na mfinyanzi, ndiyo. Mchanga safi, ndiyo, kwa uangalifu: maji yanayovutwa kupitia mchangani hulegeza punje kwenye ncha na kurahisisha kuzama, lakini pampu ikizidishwa mchanga wa ndani unachemka na kazi inaharibika. Jiwe, hapana. Tabaka jembamba la matumbawe katikati ya tope, hapana pia, na hapa Mombasa ndilo linalovunja ndoto nyingi. Shimo moja la uchunguzi kwa kila ndoo ni kiwango cha chini.

Mzigo. Ikivutwa ghafla inashika kama kikombe kilichofunikwa kwenye sinia lenye maji. Ikivutwa polepole kwa muda mrefu, maji yanapata nafasi ya kuingia na ushikaji unapungua. Watafiti wanaijaribu tabia hii kwenye mashine za kuzungusha: modeli ya kipimo cha 1 kwa 100 ikizungushwa mpaka uzito wake uongezeke mara 100, kushuka kwa shinikizo la maji kunakwenda mara 10,000 haraka zaidi. Saa moja ya maabara inakuwa zaidi ya mwaka mmoja wa bahari.

Vyombo. Pampu, kreni na mafundi wa kutengeneza ndoo yenyewe. Pampu na ujuzi wake hapa kwetu ni wa kuagiza. Kina kifupi pia kinabana: nguvu ya kufyonza inategemea uzito wa maji yaliyo juu, na kwenye mita 5 huna maji ya kutosha kujivunia.

Mazingira. Kimya kuliko nguzo zote mbili, tope kidogo.

Kuondoka. Hapa haina mpinzani. Unageuza pampu, unasukuma maji ndani, ndoo inapanda.

Inamfaa aliye kwenye kina cha kutosha, tope lisilo na jiwe, na kitu kinachohitaji kuondolewa au kuhamishwa.

Na kama hutaki msingi?

Kuelea ni jibu halali. Daraja la waenda kwa miguu kati ya Liwatoni na Ras Bofu, lililofunguliwa Januari 2021, lilikuwa la kuelea. Mitambo mitano ya upepo ya Hywind kule Scotland inaelea tangu 2017. Lakini kuelea hakukuepushi na udongo, kwa sababu nanga nazo zinashika ardhi, na zile za Hywind ni ndoo za kufyonza.

Kulingana na hali yako

Una hoteli pwani ya kusini au kaskazini, unataka gati la mashua, na ukichimba mchanga kidogo unagonga jiwe. Linganisha nguzo za kuchimbiwa na kasha dogo, kisha uangalie matumbawe hai: yakiwepo, nguzo, kwa sababu zinagusa eneo dogo. Mkandarasi akikushawishi upige mabomba kwa kuwa nyundo anayo, muulize atafanya nini bomba likigota nusu njia. Jibu lake litakuonyesha kama amewahi kuliona hilo.

Uko ndani ya hori la Tudor au Port Reitz na tope halina mwisho wa karibu. Nguzo ya kupigwa ndiyo ya kwanza kuiangalia. Ipe ardhi muda kabla ya kupima, na uandike katika mkataba kwamba kipimo kitafanywa baada ya wiki kadhaa, la sivyo mtagombana kwenye malipo.

Unaweka chombo cha kupimia mawimbi au mnara wa muda wa miaka michache kwenye maji ya kina. Ndoo inastahili kuulizwa bei, hata ikibidi kuagiza. Kwa kina kifupi, kasha dogo linalohamishika linatosha na halihitaji mtaalamu kutoka mbali.

Mzigo wako ni mzito wa wima, kama gati la meli kubwa, na mwamba uko chini ya tope la wastani. Nguzo zilizopitishwa kwenye tope kwa nyundo kisha zikamalizwa kwa kutoboa mwambani zinachukua wema wa njia zote mbili. Mara nyingi hiki ndicho kinachofanyika, ingawa makadirio huandikwa kana kwamba ni lazima uchague moja.

Huna hata shimo moja la uchunguzi. Basi huna la kuchagua bado. Tenga fedha za kuchimba kabla ya kuomba makadirio ya msingi, na panga kazi yenyewe msimu wa kaskazi, bahari ikiwa imetulia na tishari halihangaiki.

Wewe ni mwanafunzi, iwe Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor au kwingineko, na unataka mada. Mfinyanzi wa Bahari ya Kaskazini umeandikiwa sana na maabara zenye vyombo usivyokuwa navyo. Mchanga wa matumbawe wa Afrika Mashariki haujachoshwa hivyo. Kwa sanduku la kukatia udongo, chekeche na siki unaweza kupima kiasi gani cha punje kinasagika kwa kila mkazo, sampuli za Nyali, Diani na Kilifi zikiwekwa bega kwa bega. Chukua sampuli maji yakiwa yamepwa kabisa, andika saa, na usizikaushe kwa moto mkali, maana gundi ya chokaa inayokushughulisha ndiyo ya kwanza kuharibika.